Kitambaa Kinachosomeka

Fundi mapazia aliyeitwa Mama Futi hakupewa jina hilo na wazazi. Alipewa na wateja, maana hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni, ya njano, imening'inia kama skafu ya mtu anayesikia baridi peke yake. Kupima madirisha ilikuwa kazi yake, sawa. Lakini alipima pia mkate kabla ya kuukata, na inasemekana siku mumewe alipokuja kumchumbia, alimpima mabega kwa jicho moja akajisemea kuwa koti la harusi litakula mita mbili na robo. Lilikula mita mbili na robo.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Mikono yake ilikuwa na madoa ya nyumba zote alizowahi kupaka, na mdomo wake haukuisha maneno. "Mke wangu anafunika madirisha, mimi nafunika nyufa," alipenda kusema. "Sisi wawili hakuna aibu ya nyumba ya mtu tusiyoijua." Watoto wao walikuwa wameshakwenda kwenye nyumba zao. Chumba cha nyuma alikaa mama mkwe, mama yake fundi rangi, bibi wa miaka themanini na tatu mwenye ulimi mwepesi na macho mazito.

Mtaa wa pili kutoka hapo aliishi dada yake Mama Futi, mkubwa kwake kwa miaka sita. Huyu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu kabla mashine hazijanguruma, na watu wa kiwandani walisema koma iliyopotea ilikuwa ikijirudisha yenyewe ikisikia viatu vyake. Miaka minne nyuma homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali wiki tatu. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake yote mawili. Alipozinduka aliwaona wauguzi wakichezesha midomo bila sauti, akadhani wanamfanyia mzaha.

Kusikia kulikwisha siku moja. Kusema kulikwisha polepole. Siku moja kwenye duka la dawa aliomba vidonge vya shinikizo la damu kwa sauti ambayo yeye aliiona ya kawaida, na foleni nzima ikageuka kumtazama kana kwamba amepiga filimbi. Kuanzia hapo akaanza kutembea na daftari. Aliandika alichotaka, akasoma alichoandikiwa, na mdomo akauachia kazi ya kula. Jumapili, ndugu walipokusanyika kwa Mama Futi kula na kupiga soga, alikuja mara mbili tatu akakaa akitabasamu pale wengine walipocheka, akiwa amechelewa kidogo kila mara. Kisha akaacha kuja. Alipoulizwa aliandika: "Nina kazi nyumbani." Kazi gani, hakuna aliyejua.

Mama Futi aliijua siku alipopita bila taarifa kumpelekea mto aliomshonea. Alimkuta dada yake amekaa kwenye kigoda, pua imeikaribia televisheni ndogo, ameshika lenzi ya kukuzia aliyotoka nayo kiwandani. Alikuwa akisoma maandishi ya chini ya filamu. Alisoma upande wa kushoto, akasogeza lenzi, akasoma wa kulia, na mara nyingi sentensi iliondoka kabla hajaimaliza. Hakuwa amemwona mtu mlangoni, kwa hiyo Mama Futi alisimama pale na mto wake akatazama dakika nzima. Kwanza alitaka kucheka. Halafu hakutaka tena. Mwishowe akafanya alichozoea kufanya moyo wake unapochafuka: alipima, kwa jicho. Kutoka pua hadi kioo, sentimita thelathini na nane.

Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Baba, tunahitaji picha kubwa. Kubwa ya kusomeka na mtu aliyekaa kwenye kochi kama binadamu."

Haikuwa shida kupata projekta. Ukumbi mmoja wa mikutano, ambako alikuwa ametundika mapazia mapya, ulikuwa ukijiondolea vyombo vyake vya zamani, na meneja alimwachia moja kwa bei ya kutupa tu. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, inapumua kwa feni yenye kikohozi, lakini taa yake ilikuwa hai. Shida ilikuwa mahali pa kuimulikia. Walipoiwasha mara ya kwanza ikielekea ukuta wa sebule, ukuta ambao fundi rangi mwenyewe aliupaka rangi ya krimu, uso wa mwigizaji ulitokea una uvimbe shavuni na kovu kwenye paji.

"Huyu amepigwa na nani?" aliuliza mama mkwe.

"Na fundi plasta," alijibu fundi rangi. "Mimi nilipaka tu."

Mumewe akaona suluhisho ni ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Mkewe akaona suluhisho ni kitambaa. Walibishana siku mbili, mmoja juu ya ngazi za kazi na mwingine nyuma ya cherehani, na kila mmoja alikuwa na uhakika wa mtu mwenye stoo iliyojaa mabaki ya fani yake. Skrini za dukani hawakuzizungumzia kabisa. Bei zake zilikuwa za watu wanaonunua gari bila kuuliza linatumia mafuta kiasi gani. Mwishowe Mama Futi akasema, "Wacha maneno. Tujaribu vyote, vipande sawa kwa sawa, na aamue mtu ambaye si mimi wala wewe."

Mtu mwenyewe alikuwa mgumu kuvutika. Mama Futi alijua akimwandikia dada yake, "Njoo tukuburudishe," atajibiwa, "Nina kazi nyumbani." Akakaa na daftari akaandika hivi: "Nahitaji msahihishaji. Vipande sita, maandishi yaleyale, nataka kujua kipi kinaharibu herufi. Mume wangu hana macho ya kazi hii, na mimi nina upendeleo."

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, mstari mmoja: "Jumamosi saa tisa. Mahali pawe na giza."

Kwa giza, hakuna aliyeweza kumshinda Mama Futi. Kufikia saa nane na nusu Jumamosi, sebule yenye madirisha mawili ya kutazama jua ilikuwa nyeusi kama mfuko wa koti. Dada aliingia amevaa miwani yake ya kazi, ile yenye mnyororo, na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Hakuwa ameichomeka pale kwa miaka minne. Mdogo wake aliona.

Cha kwanza kilikuwa shuka. Waliitundika kwenye uwazi wa mlango wa kwenda jikoni, ikiwa imepigwa pasi mara mbili. Fundi rangi akasimamisha filamu mahali penye mistari miwili ya maandishi. Kabla dada hajanyanyua kalamu, sauti ya mama mkwe ikatokea jikoni, alikokuwa akinywa chai yake.

"Mbona huyu bwana anavaa saa mkono wa kulia? Na haya maandishi ni ya nchi gani?"

Mwanga ulikuwa umepenya shuka na kumtolea bibi filamu yake mwenyewe upande wa pili, kinyumenyume. Kumbe nusu ya picha walikuwa wakimpelekea yeye. Dada aliandika kwenye daftari: "Shuka: inavuja. Mikunjo mitatu. Herufi a inafanana na o." Akapiga mstari mwekundu.

Cha pili kilikuwa satini nyeupe, mabaki ya pazia la maharusi, ambayo Mama Futi aliitegemea kwa sababu ya uzuri wake. Satini iling'aa katikati kama sinia lililowekwa juani, pembeni ikafifia. Ukihama kiti, ule mng'ao ulihama nawe. "Nzuri kwa bibi harusi," aliandika dada. "Msomaji ataumwa kichwa." Cha tatu, plastiki ya kufunika meza, kilionekana safi mpaka mwanga ulipokiangukia na yale maua yaliyogandamizwa ndani yake yakachomoza, kila neno likawa na kichaka chake. Hiki hakikuandikiwa chochote. Dada alikitazama jinsi Mama Futi alivyokuwa akitazamwa zamani na mwalimu wake wa hesabu, na Mama Futi akakishusha mwenyewe.

Cha nne kilikuwa turubai la bango la matangazo, ambalo fundi rangi aliliokota eneo la kazi. Mbele lilikuwa na tangazo la dawa ya meno. Nyuma lilikuwa jeupe, gumu, limenyooka. Lilianza vizuri kiasi kwamba wote watatu walisogea mbele. Herufi zilikaa. Halafu filamu ikaingia kwenye tukio la kiangazi, picha ikajaa mwanga, na nyuma ya uso wa mwigizaji likaibuka tabasamu kubwa la mtu mwingine, meno thelathini na mawili yakitoka upande wa tangazo kama mzimu wa daktari wa meno.

Fundi rangi alijishika mbavu. Mama Futi alicheka mpaka akakaa chini. Dada akaandika neno moja, "Meno," akawaonyesha, na mabega yake yakaanza kutikisika. Safari hii hakuchelewa kucheka hata kidogo.

Zikabaki kazi mbili za mwisho, na hapo utani ukapungua, maana kila fundi alikuwa ametoa askari wake bora. Fundi rangi alileta kipande cha ubao wa dari alichokipaka mara tatu. Dada alikaribia, akarudi nyuma, akaenda pembeni, akaandika: "Herufi zimenenepa." Mama Futi akaangaza tochi kwa mshazari. Kumbe rola ilikuwa imeacha vichunusi vidogo kama ganda la chungwa.

"Nipe nusu saa," alisema fundi rangi, akatoka nao uani na msasa laini. Aliporudi amejaa vumbi jeupe hadi kope, ubao ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Dada alisoma mistari yote miwili kutoka ukuta wa mwisho wa chumba. Akaweka alama ya tiki. Tiki ya kwanza ya siku ile.

"Umeona?" alisema fundi rangi, akimtazama mkewe. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Mama Futi aliusogeza ubao pembeni. Alifungua bitana nzito ya kuzuia mwanga, ile anayoshonea nyuma ya mapazia ya vyumba vya kulala, kitambaa ambacho maisha yake yote kimekuwa kikikaa nyuma ya vingine pasipoonekana. Upande mmoja una nyuzi kama kitambaa chochote. Wa pili umepakwa utando wa mpira, mweupe ulioingia kijivu kwa mbali. Alijaribu kwanza upande wa nyuzi, dada akatikisa kichwa. Akageuza.

Dada alisogea karibu. Alihama viti vitatu. Aliinua miwani, akaishusha. Kisha akaandika kirefu kuliko vyote: "Ubao una kingo kali zaidi, kwa unywele. Kitambaa kina weusi mzuri zaidi. Nywele za mwigizaji ni nyeusi, kwenye ubao zilikuwa kama majivu. Herufi nyeupe zinasimama. Hakivuji. Hakina meno. Nawapa sare."

Sare! Mafundi wawili walitazamana kama majogoo waliotenganishwa kabla ya kupigana. Ikabidi iamue futi. Dada alitaka kusoma bila lenzi akiwa kwenye kochi la mwisho, na kwa hilo picha ilihitaji upana wa mita mbili na sentimita arobaini, kimo mita moja na thelathini na tano. Bitana ilikuwa na kimo cha mita moja na nusu, inatosha na pindo. Ubao ulikuwa na mita moja na ishirini na mbili.

"Sentimita kumi na tatu," alisema fundi rangi kwa huzuni. "Naunga kipande. Naweka gamu, napiga msasa, hutaona."

"Kiungo kitakaa palepale penye maandishi," alisema mkewe taratibu, na hakulisema kwa kujigamba. "Baba, unajua ataona. Yule ataona."

Fundi rangi alimtazama shemeji yake, aliyekuwa akimtazama mdomo, akacheka. "Ataona," alikubali. "Basi fremu ni yangu. Hiyo hamninyang'anyi."

Na fremu ile aliifanya kwa hasira nzuri. Alichagua mbao kavu zisizopinda, akaweka mhimili katikati, akaparaza kingo ili zisichore mstari kwenye kitambaa. Kuivisha bitana walishirikiana: yeye akivuta, mkewe akibana kwa stepla, wakianza katikati ya kila upande na kwenda kwenye pembe, kwa sababu ukianzia pembeni unajifungia mkunjo ambao hata ufanyeje hautoki. Mama Futi akazungushia ukanda wa mahameli nyeusi, vidole vinne kwa upana. Ilipotundikwa, alipiga kitambaa kwa ukucha kikalia kama ngoma.

Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, walikaa wanne: mama mkwe na dada kwenye kochi la nyuma, Mama Futi kwenye kiti, fundi rangi karibu na projekta kama rubani. Filamu ilikuwa ya nchi ya mbali, lugha hakuna aliyeijua, habari za mjane anayepigania shamba la farasi dhidi ya shemeji mwenye masharubu ya hila. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiswahili. Dada alikaa ameegemea mto wake mpya, lenzi imebaki nyumbani. Alikuwa akisoma kama watu wanavyopumua.

Robo saa haijaisha, spika ikapiga chafya moja ikafa. Farasi wakawa wanakimbia bila kishindo. Fundi rangi akapiga magoti, akaanza kuvuta waya huku na huku.

"Anasema nini huyo mwenye masharubu?" aliuliza mama mkwe. Macho yake yaliweza farasi, hayakuweza herufi. Sauti ndiyo ilikuwa ikimpa hasira na huruma ya wahusika hata asipojua maneno, na sasa sauti hakuna. "Jamani, anasema nini? Mbona mjane analia?"

"Anasema... 'shamba hili...'" alianza Mama Futi, lakini yeye na kusoma walikuwa marafiki wa mbali, na mstari ukamkimbia. "'Shamba hili lilikuwa la...' Ah, limeondoka!"

Bibi hakuwa mtu wa kusubiri. Alimvuta dada mkono wa nguo, akamgeukia uso kwa uso, akauliza kwa midomo mipana: "A-na-se-ma-ni-ni?"

Dada alimtazama. Alitazama daftari lililokuwa mapajani. Angeinama kuandika, mstari ungempita, na hata angeandika, bibi asingesoma. Kwenye skrini mwenye masharubu alifungua tena mdomo.

"'Shamba hili lilikuwa la kaka yangu,'" alisema dada. "'Wewe ulikuja na sanduku moja tu.'"

Sauti ilikuwa na kutu. Ilianza juu mno, ikashuka, ikatafuta mahali pa kukaa kama kuku anayerudi bandani. Mama Futi alishika futi yake kwa mikono miwili na hakugeuka nyuma.

"Mshenzi!" alisema bibi. "Enhe, na mjane?"

"'Nilikuja na sanduku, lakini nitazikwa hapa. Ukinigusa nitakuuwa.' Wameandika *nitakuuwa* kwa w. Kosa. Ni *nitakuua*."

"Amuue tu, kwa herufi yoyote!"

Dada hakusikia, lakini aliona mdomo na ngumi ya bibi, na akaelewa. Akaendelea. Alisoma mjane, akasoma shemeji, akasoma kasisi na mtunza farasi, bila kubadilisha sauti ya yeyote, akikatiza kila mara kusahihisha: hapa nukta imekosekana, hapa *hawezi* imegawanywa vipande viwili kama mkate. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono, na kila palipopamba moto aliubana.

Nyuma ya projekta, fundi rangi alipata ule waya uliolegea. Aliugusisha, spika ikakohoa nusu ya neno. Mama Futi akamgeukia haraka, akatikisa kichwa. Fundi rangi alimwangalia mkewe, akawaangalia wale wawili wa kochi la nyuma. Akauchomoa waya taratibu, akauweka mfukoni, akakaa sakafuni kuangalia filamu.

Mjane alishinda. Mwenye masharubu alianguka kwenye hori la maji, na bibi alitaka wamrudishe aanguke tena. Taa zilipowashwa, dada aliweka kiganja kooni, kama mtu anayegusa mahali palipokuwa na kidonda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo kuliko inavyopaswa, "Makosa arobaini na moja. Filamu moja!"

Wiki iliyofuata aliandika barua kwa wale waliotafsiri, kampuni ndogo tu ya vijana wachache, akaorodhesha makosa yote na dakika yalipotokea. Alitegemea wanune. Wao walijibu baada ya siku tisa, wakaomba radhi, wakauliza kama angekubali kuwapitia filamu inayofuata kabla haijatoka. Alikubali kwa sharti kwamba wasimpigie simu. Sasa hufanya kazi hiyo sebuleni kwa mdogo wake siku tatu kwa wiki, mbele ya ile bitana, kalamu nyekundu nyweleni. Dukani bado hubeba daftari, lakini akiingia kwa Mama Futi huliacha kwenye mkoba, na Jumapili huja hata siku ambayo hakuna filamu, mradi viti vipangwe ili aone midomo ya wote.

Mwenye manung'uniko ni mama mkwe peke yake. Yeye hukaa kochi la nyuma siku zote tatu za kazi, anataka kusomewa, na dada akisimamisha picha kwa dakika kumi kutafakari koma moja, bibi humgonga goti.

"Endelea bwana! Hao waliotafsiri wameshajua itakavyoisha. Mimi bado."